‘Mtu wa miraba minne’ si lazima awe mnene

MWALIMU mmoja wa Kiswahili anayefundisha Kocholia, Teso Kaskazini katika Kaunti ya Busia, ameiletea safu hii swali ambalo bila shaka linawasumbua walimu wengi. Mwanafunzi wake wa shule ya msingi aliandika insha kuhusu jamaa zake, na humo akasema: “Nyanya yangu ni mtu wa miraba minne kwa sababu anapenda sana chapati na maziwa ya mala.” Mwalimu akaizungushia sentensi hiyo wino mwekundu. Kesho yake mzazi akafika shuleni kuuliza kosa liko wapi. Huku kwetu, alisema, mtu mnene huitwa mtu wa miraba minne, na hata redioni amesikia hivyo.

“Je, nilimwonea mtoto?” mwalimu anauliza. “Na kama miraba minne si unene, basi ni nini hasa?”

Jibu la haraka ni kwamba mwalimu hakumwonea mtoto. Nahau hii haizungumzii unene. Huzungumzia umbile: upana wa mabega, ukubwa wa kifua, ushupavu wa viungo na nguvu inayoonekana hata kabla mtu hajainua kitu. Mtu wa miraba minne anaweza kuwa na mafuta mwilini au asiwe nayo. Si mafuta yanayompa jina hilo.

Hata hivyo, mtoto huyu hakuliokota kosa lake hewani. Lina vyanzo vyake, na baadhi ya vyanzo hivyo viko papo hapo mpakani anakoishi. Isitoshe, kosa lenyewe si la alama za insha tu. Linaweza kumponza mshukiwa katika kituo cha polisi, na linaweza kumpotosha mgonjwa katika kliniki. Hebu tulichambue neno kwa neno.

Nne ndani ya nne

Mraba ni umbo lenye pande nne zilizo sawa na pembe nne za nyuzi 90 kila moja. Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako murabba hutokana na mzizi wa hesabu ya nne. Mzizi uo huo ndio uliotuletea robo, yaani sehemu moja ya nne, na arubaini, yaani kumi mara nne. Kwa hivyo anayesema “miraba minne” ameitaja nne mara mbili: moja imejificha ndani ya mraba, nyingine imekaa wazi mwishoni.

Kumfananisha binadamu na umbo hili si jambo la Waswahili peke yao. Katika Kiarabu chenyewe, mzizi huo huo una neno la kumweleza mtu wa kimo cha wastani, asiye mrefu wala mfupi. Wagiriki wa kale nao walikuwa na mazoea ya kumwita mtu aliyekamilika kuwa ni “mraba”. Mshairi Simonides alilitumia wazo hilo, na Aristotle akalirejelea baadaye katika maandishi yake. Tofauti ni kwamba Mgiriki alikuwa akisifu tabia pamoja na mwili. Mswahili amebaki na mwili.

Picha iliyomo katika nahau hii si ngumu kuiona. Chukua sanduku la mraba na gogo la mviringo, uviweke kwenye mteremko. Gogo litabingirika, sanduku litakaa. Unene huleta mviringo: mashavu yanajaa, tumbo linatokeza, pembe za mwili zinapotea. Miraba hufanya kinyume chake. Huonyesha pembe: mabega yamekaa kama mihimili, kifua kimetanda, na ukimtazama mtu huyo kwa mbele au kwa nyuma unaona upana ule ule. Hapa ndipo penye kipimo cha kwanza cha matumizi ya nahau yenyewe. Ukiona pembe, sema miraba minne. Ukiona mviringo, tafuta neno jingine.

Sarufi yake

Kabla hatujafika mbali, tuondoe makosa ya kisarufi ambayo hujitokeza kila mara katika maandishi ya wanafunzi, na si wanafunzi tu.

Kwanza, ni “miraba minne”, si “miraba nne” wala “miraba mine”. Mraba ni nomino ya ngeli ya U-I kama mti na mkate. Husemwa miti minne na mikate minne. Basi vilevile miraba minne. Mzizi wa kivumishi ni -nne, wenye herufi mbili za n, na zote mbili hubaki baada ya kiambishi mi-.

Pili, idadi ya miraba haibadiliki hata watu wakiongezeka. Mtu mmoja ni wa miraba minne, na watu kumi ni watu wa miraba minne. Kuna wanaopiga hesabu na kuandika “walinzi wawili wa miraba minane”. Hiyo ni hisabati, si nahau.

Tatu, kinachobadilika ni kihusishi cha -a unganifu, kulingana na nomino iliyotangulia: mtu wa miraba minne, vijana wa miraba minne, jitu la miraba minne, majitu ya miraba minne. Ukitumia jitu, kumbuka kwamba sentensi nzima huifuata ngeli ya LI-YA: “Jitu la miraba minne lilisimama mlangoni.” Usianze na jitu kisha ukamalizia na “alisimama”.

Nne, nahau hii hupendelea -a unganifu. “Ana miraba minne” hueleweka, lakini humfanya msikilizaji aulize ameiweka wapi.

Majirani wa nahau hii

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kueleza mwili mkubwa. Tatizo ni kwamba tunayatumia kana kwamba yana maana moja.

Pandikizi la mtu ni mtu mkubwa kwa jumla, kimo na kiwiliwili pamoja. Pande la mtu linakaribiana nalo. Yote mawili yanaweza kumhusu mtu wa miraba minne, ila hayataji nguvu moja kwa moja. Njemba hutaja nguvu na ushupavu, na huenda mwenyewe asiwe mkubwa sana. Baunsa, neno lililoingia kutoka Kiingereza kupitia milango ya vilabu vya usiku, hutaja kazi, kisha mwili unaohitajika kwa kazi hiyo.

Upande wa pili wamo mnene, bonge, kibonge na tipwatipwa. Bonge kwa asili ni donge kubwa la kitu, kama bonge la ugali au bonge la udongo. Likitajwa kwa mtu, linabeba picha ya donge: mviringo, si pembe. Kibonge ni mnene aliye mfupi, na mara nyingi huitwa hivyo mtoto anayependwa. Tipwatipwa ni mnene mno mwenye mwili laini. Huwezi kuwa tipwatipwa na ukawa wa miraba minne kwa wakati mmoja, kwa kuwa mojawapo linataja ulaini na lingine linataja ushupavu.

Na yuko nono. Neno hili na kitenzi chake nona ni la mifugo. Ng'ombe hunona, mbuzi hunona, kuku wa sikukuu hunoneshwa. Binadamu hunenepa. Ukimwambia mgeni wako kwamba amenona, umemtoa sebuleni ukampeleka zizini, naye akijua Kiswahili ataanza kutazama kisu kiko wapi. Ajabu ni kwamba neno hilo hilo halina ubaya likiambatana na pesa: mshahara mnono na donge nono ni maneno ya heri. Hilo linatufundisha jambo: neno la mwili halina sifa wala tusi la kudumu. Sifa na tusi hutegemea nani au nini kinachoelezwa.

Tofauti hizi zote ziko upande mmoja wa mizani. Upande wa pili kuna mwembamba, mkondefu, kimbaumbau na ng'onda, na hao nao si wamoja. Mtu anaweza kuwa mwembamba na mwenye afya tele. Gofu la mtu hawezi.

Mpakani -nene ina watu wengi

Sasa turudi Kocholia. Mpaka wa Busia na Malaba ni kiwanda cha maneno. Ndiko neno bodaboda lilikotoka: waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 waliovusha abiria na mizigo kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda walikuwa wakiutangaza mpaka kwa Kiingereza, nalo neno hilo la kutangazia abiria likawa jina la usafiri wenyewe, sasa kote Afrika Mashariki. Katika mtaa mmoja wa mji kama huo utasikia Kiteso, Kiluhya cha lahaja kadhaa, Kijaluo, Kiganda, na Kiswahili cha madereva wa trela waliopanda kutoka Mombasa. Maneno yakikutana hivyo, huazimana nguo.

Chukua -nene. Katika Kiswahili sanifu, -nene si -kubwa. Kitabu kinene kinaweza kuwa kidogo, kama kamusi ya mfukoni. Ramani ya ukutani inaweza kuwa kubwa bila kuwa nene hata kidogo. Kamba nene, ukuta mnene, gogo nene: yote hutaja upana wa kitu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hata sauti nene ni sauti nzito, si sauti ya juu.

Lakini ukivuka daraja uingie katika Kiganda, -nene ni -kubwa. Nyumba kubwa ni ennyumba ennene. Kikuyu hufanya vivyo hivyo: nyũmba nene ni nyumba kubwa, na mũnene ni mkuu au kiongozi. Lingala, mbali huko Kongo, ina monene kwa maana ya kubwa. Wataalamu wa lugha za Kibantu huliweka neno hili miongoni mwa maneno ya kale ya familia nzima, na maana yake ya kale ilikuwa hiyo ya ukubwa. Kiswahili ndicho kilichopunguza eneo lake. Kilimpa -kubwa kazi ya ukubwa, kikamwachia -nene kazi ya upana na nyama.

Matokeo yake mpakani ni haya. Mfanyabiashara aliyekulia katika Kiganda anaposema kwa Kiswahili chake, “Yule mzee mnene ndiye mwenye duka,” huenda anamaanisha mzee mwenye mwili mkubwa, au hata mzee mwenye hadhi. Mkenya aliyesoma Kiswahili shuleni anatafuta mzee mwenye kitambi. Na mtoto anayekulia kati ya hao wawili anajifunza kwamba mkubwa, mnene na mwenye nguvu ni mtu mmoja. Akifundishwa “mtu wa miraba minne” shuleni, anaitia katika kapu lilo hilo.

Wala hili la mwili kugeuka cheo si la Wabantu pekee. Waiteso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, humwita kiongozi ekapolon, neno lenye mzizi unaohusu kukua na ukubwa. Sisi katika Kiswahili tuna mkubwa kwa maana ya bosi, na tuna kigogo, ambaye kwa asili ni kipande cha mti. Magazeti yetu nayo huandika “wanene serikalini” bila kumpima yeyote uzani. Kote huko ukubwa wa mwili umetumika kama ngazi ya kufikia ukubwa wa cheo. “Miraba minne” haijaipanda ngazi hiyo. Huwezi kusema “waziri wa miraba minne” ukimaanisha waziri mwenye mamlaka. Utakuwa unaeleza mabega yake tu.

“Umenenepa!”

Kuna chanzo kingine cha mchanganyiko, nacho kina uchungu ndani yake. Kwa wazazi wetu, “umenenepa” ilikuwa salamu njema. Ilimaanisha unakula, hauumwi, na uliko wanakutunza. Mtu akitoka mjini akarudi nyumbani amenenepa, mama alishukuru Mungu.

Katika ukanda huu wa mpakani salamu hiyo ilipata uzito zaidi katika miaka ya 1980. Upande wa Uganda, ugonjwa mpya ulioonekana katika eneo la Rakai uliitwa na wanavijiji kwa neno la Kiingereza la wembamba, likatamkwa siriimu, kwa kuwa uliwakondesha wagonjwa hadi wakabaki mifupa. Mwaka wa 1985 madaktari walichapisha maelezo yake katika jarida la Lancet la Uingereza chini ya jina hilo hilo la wanavijiji. Ndio ugonjwa tunaouita ukimwi. Ulisafiri katika barabara kuu zinazopita mipaka kama Malaba na Busia, na kwa muda mrefu mtu aliyekonda kidogo tu alitazamwa kwa jicho la kuulizana. Katika hali hiyo, kuambiwa umenenepa kulikuwa ni kama kuambiwa uko hai.

Leo salamu ile ile humkasirisha kijana. Amesoma, ameona picha za mitandaoni, na daktari amemwambia unene wa kupindukia huandamana na shinikizo la damu na kisukari. Shangazi anasifu, mpwa anasikia tusi. Hakuna aliyekosea sarufi. Neno moja limesimama katikati ya vizazi viwili.

Katika hali kama hiyo watu hutafuta neno la kupozea. Na hapo ndipo “miraba minne” huitwa kazini isiyo yake. Kwa kuwa ina harufu ya sifa, watu huitumia kumwita mnene bila kumwita mnene. “Wewe mama ni wa miraba minne,” wanasema, na mama anatabasamu. Naamini ndivyo neno lilivyomfikia nyanya ya mwanafunzi wetu.

Mezani, upole huo hauna madhara. Kliniki ni mahali pengine.

Mizani haijui nahau

Tuseme mama huyo amekwenda kupimwa. Muuguzi anamweka kwenye mizani, anapima kimo chake, kisha anapiga hesabu: uzani kwa kilo, ugawanywe kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Hesabu hii ilianzishwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, na jina linalotumika leo ilipewa na mtafiti Mmarekani Ancel Keys mwaka wa 1972. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kutoka 18.5 hadi chini ya 25 ni sawa. Kuanzia 25 uzani umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Jibu la mama limetoka 33. Muuguzi, kwa adabu, anamwambia: “Mama, wewe ni mtu wa miraba minne, punguza kidogo.” Mama amesikia nini? Amesikia kwamba ana nguvu. Atarudi nyumbani akiwa amefurahi, na chapati itaendelea. Neno lililokusudiwa kumstahi limemnyima habari aliyoiendea. Si jambo dogo katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia.

Sasa geuza upande. Amekuja kuli anayepakua magunia ya mahindi ya kilo 90 kutoka kwenye malori. Kimo chake ni mita 1.70, uzani wake kilo 90. Piga hesabu: 1.70 mara 1.70 ni 2.89, gawa 90 kwa 2.89 upate 31. Kwa karatasi, huyu naye ana unene wa kupindukia. Kwa macho, hana hata kitambi. Ni mabega, mgongo na mapaja yaliyojengwa na kazi. Kasoro hii ya kipimo inajulikana na madaktari wenyewe: mizani haitofautishi msuli na mafuta, ndiyo sababu wengi hupima pia mzunguko wa kiuno.

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuitenga misuli na mafuta. Mmoja ni mnene, mwingine ni wa miraba minne, na nambari zao zinaweza kulingana. Tukiyachanganya maneno haya mawili, tunaitupa tofauti ambayo hata hesabu ya Quetelet haina. 

Basi muuguzi aseme nini kwa mama, ikiwa “wewe ni mnene” linaumiza na “wewe ni wa miraba minne” linadanganya? Lugha ina njia ya tatu: kuzungumzia uzani badala ya mtu. “Mama, uzani wako umezidi kimo chako.” “Uzani wako ungepungua, presha nayo ingeshuka.” Hapo mwenye sentensi ni uzani. Mama hajatukanwa, na hajafichwa kitu.

Wezi wa insha

Hapajabaki ila chanzo kimoja, na hiki ni chetu sisi walimu na waandishi. Kwa miaka mingi insha ya Kiswahili ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ilikuwa na alama 40, na watoto walifundishwa kuihifadhia hazina ya misemo. Kila aliyewahi kusahihisha insha hizo anawajua wale majambazi. Huja usiku wa manane. Hubisha mlango kwa kishindo. Na wote, bila kukosa hata mmoja, ni majitu ya miraba minne.

Kwani hakuna mwizi mwembamba Kenya hii? 

Msemo ukikaririwa bila kuonwa, huacha kueleza na kuwa pambo. Mtoto hajui umbo linalotajwa. Anajua tu kwamba msemo huo huleta alama. Akikua, anaupeleka kokote: kwa nyanya yake, kwa mlinzi, kwa mpita njia. Na akiwa shahidi katika kituo cha polisi, anampa afisa maelezo ya mtu ambaye hakumwona. Tuseme aliyemwibia alikuwa mnene, mwenye kitambi, mabega yameteremka. Yeye ataandikisha kwamba ni mtu wa miraba minne. Afisa anayekijua Kiswahili atakwenda kutafuta mtu mpana mwenye nguvu, na katika mji wa mpakani hatahangaika kumpata: makuli wamejaa stendi nzima. Mtu aliyekuwa akipakua saruji atajikuta akieleza alikuwa wapi jana usiku, kosa lake likiwa ni mabega.

Tena kuna madhara ya polepole. Nahau ikiandamana na ujambazi insha baada ya insha, mwili wenyewe unaanza kushukiwa. Sifa ya mvuja jasho imegeuka kuwa alama ya mhalifu.

Hukumu juu ya nyanya

Mwalimu wa Kocholia anangoja jibu lake. Tuirudie sentensi: “Nyanya yangu ni mtu wa miraba minne kwa sababu anapenda sana chapati na maziwa ya mala.”

Sarufi yake ni safi. Miraba minne imeandikwa sawasawa, -a unganifu imekaa mahali pake. Wala si kosa kuitumia nahau hii kwa mwanamke. Waandishi wengi huiweka kwa wanaume, lakini neno lenyewe ni mtu, na mtu hana jinsia. Anayefikiri hakuna wanawake wa miraba minne hajawatazama wanaobeba mizigo na kuivusha mpaka kutwa nzima. Wala si kosa kuitumia kwa mzee. Kuna wazee ambao uzee umewapunguza mwendo bila kuwapunguza mabega.

Kosa linaanzia kwenye “kwa sababu”. Chapati hazimjengi mtu miraba, zinamjengea unene. Mtoto ametaja matokeo ya kazi, kisha akatoa sababu ya mlo. Angeandika, “Nyanya yangu ni mtu wa miraba minne, hata sasa hujitwika gunia la mihogo kutoka shambani hadi nyumbani,” angestahili alama zake zote. Angeandika, “Nyanya yangu ni mnene kwa sababu anapenda chapati,” angestahili pia, ingawa huenda nyanya mwenyewe angetaka kuzungumza naye.

Kwa hivyo, Mwalimu, punguza alama ya maana na uiache alama ya sarufi. Mzazi naye mweleze kwamba anachokisikia mtaani anakisikia kweli, na kwamba kuna lugha jirani ambazo zimelisukuma neno hilo upande huo, hajakosa masikio. Kisha, badala ya kuwapa wanafunzi orodha nyingine ya misemo ya kukariri, wape zoezi. Waambie kila mmoja amweleze mtu mmoja anayemwona kila siku njiani, na kabla ya kuchagua neno ajiulize mambo matatu: Je, ninachokiona ni kimo, ni nyama, au ni mabega? Je, kinatokana na kula au na kazi? Je, mwenyewe akisoma nilichoandika, atajitambua?

Akijibu kimo, kuna mrefu na pandikizi. Akijibu nyama, kuna mnene na wenzake, naye achague kwa adabu. Akijibu mabega, basi miraba minne inamsubiri, na haina haja ya kuvamia nyumba ya mtu usiku wa manane ili itumike.